Kwa Nini Mtoto Huyu na Si Jirani Yake

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na daktari mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mvulana aliyevimba mataya pande zote mbili. Haukupita muda akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kupekua majalada ya wagonjwa, na mwishoni mwa 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri kilomita zipatazo 16,000 wakiuliza hospitali hadi hospitali nani ameuona ugonjwa huo. Ramani waliyorudi nayo ilisema wazi: uvimbe huo, ambao ni saratani, hukaa penye joto na mvua, ambako pia kuna malaria, na huyakwepa maeneo ya juu yenye baridi.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, jijini London, walitangaza kirusi, ambacho sasa huitwa Epstein-Barr, walichokiona katika uvimbe wa aina hiyo uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Wengi walidhani fumbo limefumbuliwa. Lakini katika ukanda huo karibu kila mtoto hukipata kirusi hicho angali mdogo, na malaria humrudia tena na tena, ilhali wanaopata saratani ni wachache mno. Kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote aliyoyaacha Burkitt.

Dokezo la jibu lilitokea mwaka huohuo wa 1964: watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya hupata au hukwepa saratani ya damu iletwayo na kirusi kulingana na vinasaba vya kinga walivyorithi. Binadamu tunavyo vya aina hiyo, viitwavyo HLA, kwenye kromosomu ya sita. Mfaransa Jean Dausset ndiye aliyefungua njia ya kuvijua mwaka 1958. Protini zake hutandaza vipande vya kirusi juu ya seli, kama mchuuzi anayepanga bidhaa zake mbele ya wapita njia, ili seli za kinga zivitambue. Kila mtu amerithi seti yake kutoka kwa baba na mama, na si kila seti hushika kipande kilekile.

Kwamba urithi unaweza kuamua, David Purtilo alilionyesha mwaka 1975, alipoeleza habari za wavulana wa ukoo mmoja waliouawa na kirusi hichohicho, baadhi yao kwa saratani ya tezi za limfu. Kinasaba chenye kasoro kilipatikana mwaka 1998.

Kwa watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania hali si ya moja kwa moja hivyo. Aina moja ya HLA, DQA1*04:01, imeonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wenzao wasiougua. Nao waliorithi kinasaba cha siko seli kwa mzazi mmoja tu, ambao malaria huwaumiza kidogo, wameonekana kuugua saratani hii kwa nadra zaidi. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo: wengi wenye DQA1*04:01 huzeeka bila uvimbe wowote.

Tena kirusi cha Epstein-Barr hushika protini za kundi lilelile la HLA ambamo DQA1*04:01 imo kinapoingia ndani ya seli B, zile zinazogeuka kuwa saratani. Hivyo watafiti wanazifuatilia kwa sababu mbili: jinsi zinavyokifichua kirusi, na jinsi zinavyokipa njia ya kupita.