Meli Iliyokumbukwa na Nyumba Isiyoandikwa

Salale imo katika delta ya Rufiji, pale ambapo mto mkubwa hugawanyika kuwa mikono mingi kabla ya kujimwaga katika Bahari ya Hindi. Jina hili dogo liliingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya meli moja. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaja kujificha ndani ya mikoko ya sehemu hizi. Waingereza waliitafuta, wakaiona, wakaizingira kwa miezi mingi. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Severn na Mersey, nahodha wake Max Looff aliamuru izamishwe pale pale ilipokuwa. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikaendelea na vita nchi kavu. Yote haya yamehesabiwa na kuandikwa: idadi ya mizinga, jina la nahodha, siku na hata saa.

Lakini kando ya mikono ile ile ya mto walikuwapo watu waliokuwa wakiishi kabla ya meli kuja na walioendelea kuishi baada ya meli kuzama. Miongoni mwao, kama ilivyo katika kila umma wa wanadamu, walikuwapo watu ambao akili zao hazikukua kwa kadiri ya miili yao. Na kando ya kila mmoja wao alikuwapo mtu wa kumlisha, kumwogesha, kumtafuta apoteapo na kumtuliza aogopapo. Hao hakuna karani aliyewahesabu. Historia yao yapasa kusomwa kama msafiri asomavyo nyayo katika tope la bamvua: aliyepita haonekani, bali uzito wake umebaki.

Lugha yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Kiswahili cha zamani kina maneno ya kumtaja mtu wa namna hii, na mengi yanauma. Katika neno punguani mnasikika kitenzi kupungua, kana kwamba mtu huyo aliumbwa kisha akakatwa kipande. Taahira na zezeta yamekuwa matusi ya barabarani. Ni katika miongo ya karibuni tu ambapo maandishi ya serikali na ya jumuiya yamezoea kusema "mtu mwenye ulemavu wa akili", na kumtofautisha na mgonjwa wa akili, ambaye maradhi yake huweza kuja na kuondoka. Hata hivyo lugha hiyo hiyo iliyatunza maneno mengine ya hekima. "Hujafa hujaumbika", walisema wahenga, kumkumbusha anayecheka kwamba naye bado yumo mikononi mwa Muumba. Na wakasema pia, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Methali hiyo ya pili ndiyo inayofaa zaidi kwa habari hii, kwa sababu wapo wana ambao kazi ya kuwalea haina mwisho. Mtoto wa jirani hulelewa miaka kumi na mitano akawa mtu wa kujitegemea. Huyu hulelewa miaka arobaini, na bado mlezi hulala usiku sikio likiwa wazi.

Katika delta kazi hiyo ina uzito wake maalumu. Maisha ya huko ni ya maji. Mpunga hulimwa katika ardhi inayofunikwa na mafuriko ya mto, na unapoanza kuzaa, jamaa huhamia mashambani wakakaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, kuulinda dhidi ya ndege, nyani na nguruwe. Mwenye mtoto asiyefahamu hatari ya kina cha maji, wala hatari ya ngazi ya dungu, ana mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili ni magumu: amchukue, kisha alinde mpunga kwa jicho moja na mtoto kwa jicho la pili, au amwache kijijini kwa bibi. Wengi katika pwani hii wameishi kwa njia ya pili. Bibi ndiye aliyekuwa shule, hospitali na ngome.

Delta hii haikuwa pembe iliyojitenga. Boriti za mikoko yake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na njia zilizopeleka boriti zilirudi na mengine. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi maradhi hayo yalivyofuata njia za biashara, za misafara na za vyombo. Tangu hapo ilijulikana waziwazi kwamba popote bidhaa inapofika, maradhi nayo hufika.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1918. Vita vilikuwa vimekwisha kuikausha nchi. Watu wapatao milioni moja wa Afrika Mashariki na sehemu za jirani walichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya jeshi, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Wajerumani nao walichukua watu na chakula kila walikopita. Kisha, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918, majeshi ya Lettow-Vorbeck yakiwa hayajaweka silaha chini, ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia. Tanganyika ilipoteza watu makumi ya maelfu. Dunia nzima ilipoteza makumi ya mamilioni.

Homa ile ilikuwa na tabia isiyo ya kawaida. Mafua ya miaka mingine huchukua vichanga na wazee. Ya mwaka 1918 yaliwaangusha zaidi watu wa umri wa miaka ishirini hadi arobaini, ambao ndio mama na baba wenye nguvu. Yapime hayo katika nyumba yenye mtu asiyeweza kujilisha. Baba amekwisha kuchukuliwa upagazi, na pengine hatarudi. Mama analala na homa, siku ya tatu haamki. Aliyebaki hafahamu kifo ni nini. Anamtikisa, anangoja sauti. Kama bibi yuko hai, nyumba itasimama kwa mguu mmoja. Kama hayuko, mauti ya mama ni mauti mawili, na la pili halitaandikwa kuwa ni la mafua.

Serikali za wakati huo zilikuwa na kitu gani cha kuwapa watu kama hao? Kidogo sana, na kidogo hicho hakikuwahusu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao yaliyofunguliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani yaligeuzwa mwaka 1904 kuwa mahali pa wagonjwa wa akili. Waingereza nao walianzisha hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Zote mbili zilikuwa kwa ajili ya ugonjwa, si kwa ajili ya ulemavu, na zote mbili zilikuwa mbali na delta kwa safari ya siku nyingi. Kwa mtu wa Salale, hospitali, shule na mlezi vyote vilikuwa chini ya paa moja la makuti.

Mambo yalianza kubadilika polepole baada ya uhuru. Madarasa maalumu yalifunguliwa katika baadhi ya shule, na wazazi wenyewe wakaanza kuungana. Zanzibar jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili iliundwa mwaka 1999, wazazi na ndugu wakiwa nguzo zake. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na Bunge likatunga sheria yake mwaka 2010. Sasa mtu aliyeitwa punguani alikuwa na haki iliyoandikwa. Lakini haki iliyoandikwa Dodoma au Unguja bado ina safari ya mtumbwi kabla ya kufika ndani ya delta.

Safari hiyo ilikuwa haijakamilika lilipokuja janga la pili kubwa katika muda wa karne moja. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha. Siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa, na Zanzibar nayo ikatangaza mgonjwa wake siku chache tu hivi. Takwimu za Tanzania Bara zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili. Shule za msingi na sekondari zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni, na chanjo ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021.

Miezi ile mitatu ya kufungwa shule haikuwa sawa kwa watoto wote. Mtoto wa kawaida alikosa masomo. Mwenye ulemavu wa akili alikosa utaratibu, na utaratibu kwake ni kama mkongojo kwa mzee. Anajua kwamba asubuhi huvaa sare, hupita njia ile, humkuta mwalimu yule. Ukiuondoa utaratibu huo bila maelezo anayoweza kuyafahamu, huona dunia imevunjika. Wengine hulia, wengine hujipiga, wengine husahau walichokuwa wamejifunza kwa miaka. Masomo ya redio na televisheni hayakuwa yametengenezwa kwa ajili yake.

Na amri za afya zenyewe zilimdhania mtu wa aina moja tu. "Kaa mbali na mwenzako": lakini asiyeweza kuvaa wala kula peke yake atakaaje mbali na anayemlisha? "Vaa barakoa": lakini wapo wasiovumilia hata kofia usoni. "Nawa kwa maji tiririka": lakini katika vijiji vya delta vilivyo karibu na bahari maji yote yanayoonekana ni ya chumvi, na ya kunywa huja kwa taabu. Kujifukiza nyungu kuliposifiwa nchi nzima, ni nani aliyefikiria hofu ya mtu anayefunikwa blanketi juu ya mvuke wa moto bila ya kujua kwa nini? Aidha, mtu huyu aghalabu hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Mlezi ndiye ulimi wake.

Huko Uingereza, ambako vifo vilihesabiwa, ripoti ya afya ya umma ya Novemba 2020 ilionyesha kwamba katika wimbi la kwanza watu wenye ulemavu wa akili huenda walikufa kwa kiwango kilichofikia mara sita ya kile cha watu wengine. Nchi tajiri, yenye hospitali kila mji, iliwapoteza hivyo. Sehemu za dunia ambako hakuna aliyehesabu hazikuwa salama zaidi kwa sababu ya kutohesabu.

Hapa ndipo majanga mawili yanapokutana na kufundishana. Mafua ya mwaka 1918 yaliwapiga zaidi akina mama, yakawaacha mabibi. Korona iliwapiga zaidi wazee, yaani mabibi wenyewe. Kila janga hukata kamba mahali pake. Lakini uhai wa mwenye ulemavu wa akili umefungwa kwa kamba hiyo moja, na ikikatwa juu au chini, anayeanguka ni yule yule. Kwa hiyo haifai kuuliza juu ya hali yake bila ya kuuliza juu ya hali ya mlezi. Mlezi asiyelala hamtulizi mwingine. Mlezi aliyekosa biashara ya samaki kwa sababu wanunuzi hawaji atampa mwenziwe uji mwepesi. Mlezi anayeaibishwa na majirani atamficha anayemlea chumbani, naye katika giza hilo atazidi kudhoofu.

Walezi wana hofu moja inayozidi zote, nayo si ya kufa bali ya kutangulia. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti". Lakini mzazi wa namna hii huijua ingali mapema, kila akikohoa. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akiwa katika maradhi, alimtungia bintiye utendi wa wasia, na pwani nzima ikaurithi. Mama mgonjwa alitegemea kwamba mwanawe ataukariri, ataufahamu, atautenda. Je, mama wa mtoto asiyeweza kukariri amwandikie nani wasia wake?

Hana budi kuwaandikia majirani. Wasia wa namna hiyo hauna beti nyingi: jina lake analoitikia, chakula anachokipenda, kinachomtisha, wimbo unaomlaza, na mtu wa pili na wa tatu ambao wamekwisha kumzoea kabla ya siku ya msiba. Huo wahitaji kupokewa na imamu, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa afya kungali na utulivu. Majanga hayangoji, mwezi Aprili 2024 haikuwa homa bali mafuriko yaliyowahamisha watu wa Rufiji na Kibiti, na siku ya kuhama kwa mtumbwi si siku ya kuanza kujifunza namna ya kumshika mkono mtu asiyekujua.

Mabaki ya Königsberg yalizama taratibu katika tope la delta, na bado wapo wageni wanaokuja kuuliza yalikuwa wapi. Wenyeji huwaonyesha. Ingefaa siku moja mgeni aulize pia juu ya nyumba zile, nani alimlea nani, na mlezi alipougua nani aliingia mlangoni.