Nyimbo kufanana: nani kamwibia nani?

Haupiti mwezi bila msikilizaji kupiga simu studio kulalamika kwamba wimbo fulani mpya ni ule ule wa fulani, uliobadilishwa maneno tu. Wengine wanakuja na ushahidi kabisa: wanakutajia kiitikio, wanakuimbia mstari mmoja wa huku na mmoja wa kule, halafu wanakuuliza, "Sasa huu si wizi?" Wiki hii nimeona tulizungumze jambo hili, lakini si kwa kuwasaka wezi. Ninachotaka tujiulize ni kitu kingine: tangu lini kufanana kwa nyimbo kukawa kosa katika pwani yetu?

Naanzia Kibiti, mji mdogo ulio katika barabara iendayo Kilwa, ambao zamani tuliuhesabu ndani ya Wilaya ya Rufiji kabla haujawa na wilaya yake. Hapo ndipo kwao Mbosso, yule kijana aliyejulikana kwanza katika Ya Moto Band ya Temeke, kisha mwaka 2018 akatambulishwa katika kundi la Wasafi. Mbosso hupenda kujiita Khan. Msikilize anavyoivuta silabi moja, akaipandisha, akaitikisa na kuishusha taratibu, utajua kwa nini jina hilo limemkaa. Kijana wa mjini akisikia hivyo husema, "Huyu kaiga Wahindi." Mzee wa Kariakoo akisikia sauti ile ile husema, "Hii ni taarabu, wamekosa fidla tu." Wanabishana bure hao wawili, maana wote wanasema kweli.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuiache barabara kuu tuteremke hadi Nyamisati, na kutoka hapo tuingie kwenye mitumbwi mpaka ndani ya delta, kwenye Salale na Mbwera, ambako Mto Rufiji unagawanyika mikono mingi kabla ya kumwagika baharini. Huko kuna msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, na kwa karne nyingi mikoko hiyo ndiyo iliyowaleta wageni. Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea. Nyumba za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti kutoka kwetu, hata upana wa chumba ukawa unafuata urefu wa boriti. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia, yakasubiri kusi yarudi. Mwaka 1939 baharia na mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alifika katika delta hiyo akiwa ndani ya jahazi la Wakuwait lililokuja kuchukua boriti, na kitabu alichoandika baadaye kinaeleza safari hiyo kwa kirefu.

Jahazi la Kuwait halikutembea kwa tanga peke yake. Lilikuwa na mwimbaji wake, mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya sauti, kwa sababu kuvuta tanga, kung'oa nanga na kupakia shehena ni kazi za watu wengi kuvuta kwa pamoja, na bila wimbo watu hawavuti pamoja. Sasa weka mabaharia hao wiki kadhaa katika delta, karibu na wakata boriti wa Kirufiji na Kindengereko ambao nao wana nyimbo zao za kazi na ngoma zao za usiku. Hakuna anayehitaji kutuambia kwamba walisikilizana.

Na ushahidi upo, ila upo ng'ambo. Oman, Falme za Kiarabu, Bahrain na Kuwait kuna ngoma inayoitwa liwa, inachezwa kwa mduara, inaongozwa na zumari, na katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili ambayo wachezaji wengine wa leo hawajui hata maana yake. Liwa ilitoka Afrika Mashariki. Ilipelekwa na watumwa, na mabaharia, na watu waliopanda jahazi kwa hiari na wasiopanda kwa hiari. Mtu wa pwani akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani amewahi kuisikia nyumbani, katika harusi fulani asiyoikumbuka vizuri.

Kwa hiyo mahadhi yalipita njia zote mbili. Unguja, sultani Barghash aliwaleta wanamuziki wa Misri, akampeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hebu fikiria: mwanamke wa Unguja, anaimba Kiswahili, katika muziki uliotoka Misri, ndani ya studio ya India, kwa kampuni ya Waingereza. Santuri hizo ziliporudi huku zilipigwa katika mabaraza ya miji yote ya pwani. Dar es Salaam nayo ikawa na klabu yake ya taarabu, ambayo wenyewe waliiita bila kificho Egyptian Musical Club.

Baadaye zikaja sinema za Kihindi. Wazee waliokuwa vijana Dar es Salaam miaka ya 1950 watakuambia habari za Awara ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951, na jinsi watu walivyotoka ukumbini wakiimba Kihindi wasichokijua. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake lote juu ya mahadhi hayo. Alichukua sauti ya filamu akaivika mashairi ya Kiswahili safi, na hakumficha mtu. Watu walikwenda kumsikiliza wakijua fika sauti imetoka wapi. Walichokwenda kusikia ni maneno: fumbo limefungwa vipi, vina vimekaa wapi, nani anapigwa kijembe. Wala Wahindi wenyewe hawakuwa wasafi katika hili, maana mwaka 1961 mtunzi Salil Chowdhury aliingiza ndani ya filamu ya Chhaya sauti ya simfoni ya Mozart. Mahadhi hayo yalizaliwa Vienna, na mtu wa Kariakoo akayapokea kama ya Bombay.

Hapa kuna siri ya ufundi ambayo wanaolalamika huisahau. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika mstari, nane na nane. Tena Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Ukiwa na sauti moja inayobeba mizani nane na nane, unaweza kuimba kwayo mashairi elfu moja. Ukiwa na shairi moja, unaweza kuliimba kwa sauti ishirini. Mtunzi wa zamani hakuona aibu kuulizwa, "Hili unaliimba kwa sauti gani?" Ilikuwa kama kuulizwa umekuja kwa chombo gani. Aibu ilikuwa kuimba maneno ya mwenzako na kujifanya ni yako. Hapo ungeaibishwa hadharani, na kwa beti.

Muziki wa dansi nao ulikuja kwa mlango huo huo. Katika miaka ya 1930 santuri za Kikuba, zilizoandikwa herufi GV, zilianza kuingia Afrika, na vijana wa Kongo na wa kwetu wakajifunza kwazo. Salum Abdallah wa Morogoro alianzisha bendi mwaka 1948 akaiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Hakuna aliyemshtaki. Bendi zikawa nyingi, zote zina magitaa yale yale, zote zinaanza taratibu na beti, kisha zinaingia chemko watu wanyanyuke. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila bendi ililazimika kujitangazia mtindo wake: Western Jazz wakawa Saboso, NUTA wakawa Msondo, Mlimani Park wakawa Sikinde, Vijana wakawa Pambamoto. Nasema ililazimika kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Mtindo ulikuwa chapa ya dukani kwa bidhaa iliyofanana na ya jirani.

Tena wanamuziki wenyewe walikuwa wanahama. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, Muhidini Gurumo na Hassani Bichuka walitoka Juwata, yaani ile ile NUTA ya zamani, wakaingia huko na koo zao. Je, shabiki aliyesema Sikinde wanaiga Msondo alikosea? Na alikuwa anamwambia nani, Gurumo, kwamba anamwiga Gurumo? Juu ya hayo, nyimbo hizo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na mafundi mitambo wale wale. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea safari ya mjini ilikuwa mateso. Kwa mtu wa Mbwera redio ya betri ndiyo ilikuwa ukumbi wa dansi, na nyimbo zote zilimfikia kwa sauti ya chumba kimoja.

Angalia hata hayo majina mawili, Msondo na Sikinde. Yote ni majina ya ngoma za Wazaramo, majirani na ndugu wa Warufiji. Bendi za mjini zilichota jina, zikachota na mapigo. Baadaye mchiriku ukafanya vivyo hivyo kwa kinanda kidogo cha umeme na spika mbovu, na singeli ya leo imetokana na huko huko. Kijana wa Manzese anayeitoa singeli kwenye kompyuta anapiga, ajue asijue, mapigo ya bibi yake wa Pwani.

Basi kosa liliingia lini? Liliingia na pesa, kwa maoni yangu. Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu 1966, lakini ilikuwa ya makabatini. Ile ya 1999 ndiyo iliyoleta chama cha hakimiliki, COSOTA, na kumfanya msanii aanze kuhesabu. Kisha ukaja mtandao, ambako kila kusikilizwa kunalipa senti kadhaa na anayelalamika anaweza kuufungia wimbo wa mwenzake kabla ya hakimu yeyote kuusikia. Novemba 2019 wimbo wa Harmonize, Uno, uliondolewa YouTube baada ya Magix Enga, mtayarishaji wa Kenya, kudai mdundo wake umetolewa katika Dundaing. Hata Wazungu hawana jibu jepesi. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani ilimtia George Harrison hatiani kwa wimbo wake My Sweet Lord kufanana na wa kina Chiffons wa mwaka 1963, huku jaji akikubali kwamba hakukusudia. Sauti ilikuwa imemkaa kichwani tu. Kwa kipimo hicho, pwani yetu nzima ingekuwa jela.

Sisemi sheria ifutwe. Msanii ale jasho lake. Nani atapenda kurudi kule ambako mtu alirekodi nyimbo mia akafa maskini? Ninachokiona kibaya ni kwamba hesabu mpya inaanzia kwa yule wa mwisho kushika sauti. Mwenye studio anaandikisha wimbo, anakuwa mmiliki, na akisikia unaofanana na wake anashtaki, ilhali kiitikio alikitoa kwa makungwi wa Ikwiriri au Bungu ambao walikipokea kwa makungwi waliowatangulia. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipoufanya upya wimbo wa Saida Karoli, kila mtu alijua ni wa Saida Karoli, kwa sababu Saida alikuwa na kaseti, na kaseti ilikuwa na jina lake. Mama anayeongoza ngoma ya mwali huko Rufiji hana kaseti.

Ile sheria ya 1999 ilimkumbuka, kwa kiasi. Ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, nayo inataka anayezitumia kibiashara nje ya mila zake apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini kibali cha baraza kiko Dar es Salaam, na mama yuko Mbwera. Redio zetu zikipiga ngoma yake, mtangazaji husema "kikundi cha ngoma kutoka Rufiji", basi, anaendelea na matangazo ya vifo.

Villiers alitaja majina: nahodha wa jahazi lile aliitwa Ali Nejdi, na Kuwait wanamkumbuka mpaka leo. Waliokata boriti zilizojaza jahazi hilo, na kuimba walipokuwa wakizibeba topeni, jina lao kitabuni ni Waafrika.