Mizani ya Atomi na Mawe ya Katanga

Kila mtu aliyekwenda sokoni anajua mizani ni nini. Mwenye kuuza samaki anayo, mwenye kuuza unga anayo, na mnunuzi wa madini anayo vilevile. Mchimbaji huweka gunia lake juu yake, kisha hutazama mshale, na moyo wake wapiga. Penye mizani ya haki watu huachana kwa amani. Penye mizani ya uongo hapakosi ugomvi.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kusimulia habari za mizani nyingine, isiyopima gunia wala kibaba. Yapima atomi, yaani vile vipande vidogo mno ambavyo kila kitu kimejengwa navyo. Wataalamu huiita spektrometa ya masi. Sisi tutaiita mizani ya atomi. Twaisimulia kwa sababu moja: mawe ya nchi yetu yamepimwa juu yake, dunia ikabadilika, na waliochimba mawe hayo hawakuambiwa neno.

Ilianzaje?

Zamani wataalamu walidhani kwamba atomi zote za kitu kimoja zina uzito sawasawa, kama matofali yaliyotoka katika kalibu moja. Mnamo mwaka 1912 Mwingereza J. J. Thomson, huko Cambridge, alikuwa akichunguza hewa iitwayo neoni. Aliipiga kwa umeme ndani ya chombo cha kioo, akaipitisha mbele ya sumaku, akaona alama mbili mahali alipongojea moja tu. Alama moja ilikuwa ya atomi zenye uzito wa 20, na nyingine ya atomi zenye uzito wa 22. Kumbe ndani ya neoni mna ndugu wenye jina moja na tabia moja, ila mmoja ni mzito kuliko mwenziwe. Ndugu wa namna hiyo huitwa isotopi.

Msaidizi wake Francis Aston alijenga mashini bora zaidi mwaka 1919, vita vya kwanza vilipokwisha. Mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel, na katika maisha yake aligundua isotopi zaidi ya 200.

Je, mashini hiyo yafanyaje kazi? Mama zetu watatusaidia kuelewa. Mama akipepeta nafaka siku ya upepo, punje nzito huanguka karibu na miguu yake, na makapi mepesi huchukuliwa mbali. Mizani ya atomi hufanya vivyo hivyo. Kwanza, kitu cha kupimwa hugeuzwa kuwa mvuke. Pili, atomi zake hutiwa umeme. Tatu, hurushwa kwa kasi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Nne, hupita mbele ya sumaku, na sumaku ndiyo upepo wenyewe: atomi nyepesi hupindishwa sana, nzito hupindishwa kidogo. Mwisho kuna kifaa cha kuhesabu ni ngapi zimeangukia wapi. Basi, hiyo ndiyo mizani yote. Sasa tutazame imefanya nini.

Jiwe la Shinkolobwe

Mwaka 1915 mtafuta madini mmoja, Robert Rich Sharp, aliona urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Jiwe lile lilikuwa na urani nyingi ajabu. Lakini wakati ule urani yenyewe haikuthaminiwa sana. Wenye kampuni ya Union Minière walitafuta ndani yake radi ya kutibia kansa, na urani ikabaki kama pumba baada ya kutwanga.

Mwaka 1935 Arthur Dempster, huko Chicago, aliipima urani katika mizani yake. Akaona kwamba urani nayo ina ndugu: mkubwa ana uzito wa 238, na mdogo aliyejificha ana uzito wa 235. Katika atomi 1,000 za urani, zile za 235 ni kama 7 tu. Mwishoni mwa mwaka 1938 Wajerumani wakagundua kwamba atomi ya urani yaweza kupasuliwa na kutoa nguvu nyingi. Swali likawa: ni ndugu yupi anayepasuka kwa urahisi?

Jibu lilitoka katika mizani. Alfred Nier wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitenga urani kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, 235 upande wake na 238 upande wake. Mwezi wa Februari 1940 aliibandika juu ya barua, akaituma kwa posta mpaka New York. Wenzake wa huko wakaijaribu, wakathibitisha: apasukaye ni yule mdogo, 235. Hivyo siri kubwa ya vita vya pili ilisafiri ndani ya bahasha kama barua ya salamu.

Wakati huohuo Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, aliogopa mawe ya Shinkolobwe yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 aliamuru zaidi ya tani 1,000 zipelekwe Marekani. Zikasafirishwa kupitia bandari ya Lobito, zikahifadhiwa katika ghala moja la Staten Island, New York. Mwezi wa Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani alikuja kuulizia urani, akaambiwa kwamba imekwisha kufika, yamngojea mjini mwake. Baadaye mgodi ulifunguliwa tena, na mawe mengine yakafuata. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani wakati wa vita ilitoka katika udongo wa Kongo.

Kuitenga urani 235 kulihitaji mizani kubwa zisizopata kuonekana. Ernest Lawrence wa California aligeuza mashini ya kupimia ikawa mashini ya kuchambulia. Huko Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, zilijengwa zaidi ya 1,100. Sumaku zake zilitaka nyaya za shaba, lakini shaba ilikuwa haba kwa ajili ya vita. Basi wakaazima fedha katika hazina ya serikali, zaidi ya tani 13,000, wakaifanya nyaya. Nyingi ya mashini hizo zilitunzwa na wasichana waliotoka shule karibuni. Walifundishwa kutazama mishale na kugeuza vifungo, bila kuelezwa wanatengeneza nini.

Tarehe 6 Agosti 1945 walifahamu. Bomu la urani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, katika Japani, na watu makumi elfu walikufa, wazee na watoto pamoja. Siku ile wasichana wa Tennessee walisikia habari kwa redio. Na wachimbaji wa Shinkolobwe? Kazi yao ilikuwa imefichwa kwa siri kali. Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mawe yale yalihesabiwa atomi kwa atomi. Lakini jasho la waliyoyachimba, na vumbi walilovuta vifuani mwao, havikuwekwa katika mizani yoyote.

Shahidi asiyesema uongo

Lakini tusiilaumu mizani kwa kosa la mikono. Sumaku ileile iliyotumika kwa vita imekuwa baadaye shahidi wa kweli katika mambo mengi.

Urani hugeuka polepole sana kuwa risasi, yaani madini ile nzito. Mwenye kuhesabu isotopi za risasi ndani ya jiwe aweza kujua umri wake. Kwa njia hiyo Mmarekani Clair Patterson alipima vipande vya vimondo, na mwaka 1956 alitangaza kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,550 hivi. Hesabu hiyo haijatikiswa mpaka leo. Tena, alipokuwa akipima, alisumbuliwa na risasi iliyoingia katika kazi yake kutoka kila mahali: katika hewa, katika maji, katika vumbi. Alipofuatilia asili yake, akaona kwamba nyingi yatoka katika esanse ya motokari, iliyokuwa ikichanganywa na risasi. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Wenye kuiuza walimpinga kwa miaka mingi, lakini hesabu zilibaki pale pale. Nchi moja baada ya nyingine zikaacha, na mwaka 2021 pampu za mwisho duniani zilizouzia motokari esanse ya risasi zikafungwa.

Habari ya tatu ni ya jirani zetu wa Gabon. Mwaka 1972, huko Pierrelatte katika Ufaransa, mpimaji mmoja alipata kwamba urani 235 ilikuwa sehemu 0.717 katika mia, badala ya 0.720. Tofauti ni ndogo kuliko chembe ya chumvi katika sufuria, lakini mizani haikubali kusahihishwa ili kumpendeza mtu. Je, kuna mtu aliyeiba? Wakafuata njia ya mawe hayo mpaka mgodi wa Oklo, katika Gabon. Hapo wakagundua ajabu: miaka milioni 2,000 hivi iliyopita, urani ya Oklo ilijiwasha yenyewe chini ya ardhi, kwa msaada wa maji, ikawaka taratibu kwa muda wa miaka maelfu mengi, ikazimika. Lile ambalo wataalamu walijivunia kulitengeneza mwaka 1942, udongo wa Afrika ulikuwa umekwisha kulifanya zamani za kale.

Katika nyumba za wagonjwa

Kwa muda mrefu mizani ilikuwa na upungufu mmoja. Ilipima vizuri mawe na hewa, lakini vitu vya mwili, kama protini, vilivunjika vipande vilipogeuzwa mvuke. Ni kama kutaka kupima yai kwa kulirusha ukutani. Katika miaka ya 1980 Mmarekani John Fenn aliona njia ya kuzirusha protini ndani ya matone madogo ya maji yenye umeme, na Mjapani Koichi Tanaka aliona njia ya kuziinua kwa mwangaza wa leza. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wajerumani Franz Hillenkamp na Michael Karas nao waliitengeneza njia ya leza mpaka ikatumika dunia nzima.

Faida yake ni nini? Katika nchi nyingi, tone moja la damu la kisigino cha mtoto mchanga hupimwa, na magonjwa mengi ya kurithi huonekana kabla hayajamharibu. Vijidudu vilivyooteshwa kutoka katika damu ya mgonjwa vyaweza kujulikana jina lao kwa dakika chache, ambapo zamani ilipasa kungoja siku moja au zaidi, na mgonjwa mahututi hana siku za kupoteza. Siku hizi wataalamu wamefika hata kupima protini za seli moja tu ya mwili. Lakini mashini hizo ni za bei kubwa, zataka umeme usiokatika na mafundi waliosoma. Kwa hiyo mahospitali yetu mengi hayajazipata.

Gunia la koltani

Turudi sasa kwa mchimbaji wetu na gunia lake. Mashariki ya Kongo watu huchimba koltani. Ndani yake mna tantali, itumikayo katika simu na mashini nyingine za elektroniki. Twajua ni damu ngapi imemwagika kwa ajili ya magunia hayo, na jinsi wenye bunduki walivyojipatia mali. Gunia likivuka mpaka, karatasi yake yaweza kubadilishwa usiku mmoja. Je, jiwe lenyewe laweza kusema lilikotoka?

Kwa sehemu, ndiyo. Baada ya mwaka 2006 wataalamu wa serikali ya Ujerumani, wa ofisi iitwayo BGR, walianza kutengeneza njia ya kutambua jiwe kama polisi anavyotambua alama ya kidole. Leza huchoma tundu dogo sana katika chembe ya koltani, mvuke wake hupelekwa katika mizani ya atomi, na vitu vyote vilivyomo huhesabiwa pamoja na umri. Koltani ya ukanda wa mawe uitwao Kibara, kwa jina la milima ya Katanga, ina umri karibu wa miaka milioni 1,000. Ile ya Msumbiji ni changa kwa nusu hivi, na ile ya Australia ya magharibi ni ya kale zaidi ya miaka milioni 2,500. Kwa hiyo anayesema kwamba koltani ya Kibara imetoka Australia atafedheheshwa na jiwe lake mwenyewe.

Lakini haifai kudanganyana. Ukanda wa Kibara wapita Katanga, Kivu, Burundi, Rwanda mpaka Uganda. Umri peke yake hautoshi kutenga jirani na jirani. Lazima alama ndogo ndogo zilinganishwe na mawe yaliyochukuliwa kwanza katika kila mgodi. Na magunia ya migodi mingi yakichanganywa, ushahidi hufifia. Mizani yaweza kusema jiwe latoka wapi. Haiwezi kusema kama aliyelichimba alilipwa.

Hilo ni juu yetu. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, na kabla ya hapo hata baba na wana wao waliingia humo kwa mikono mitupu kutafuta kobalti. Historia yaweza kurudia palepale. Vijana mnaosoma fizika na kemia, msiseme masomo hayo ni ya watu wa mbali. Mizani hii ilijaribiwa kwa mawe ya nyumbani kwenu. Wazee wetu waliyachimba, wengine wakayasoma. Sasa inafaa anayelichimba na anayelisoma wawe watu wa nyumba moja, ili siku mshale utakapotulia, awepo mtoto wa Kongo wa kuuangalia na kusema uzito ni huu.