Taya Linaonekana, Utumbo Hauonekani

Mwezi Oktoba 1961, miezi miwili kabla Tanganyika haijapata uhuru, madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, alikuwa na wenzake Ted Williams na Clifford Nelson. Kwa wiki kumi walisafiri karibu kilomita 16,000, wakaivuka Tanganyika, wakashuka hadi Afrika Kusini. Kila walipofika kwenye hospitali, ya serikali au ya misheni, walitoa picha za watoto waliovimba taya na kuuliza swali moja: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Swali lilikuwa rahisi kujibiwa, kwa sababu mtoto aliyevimba taya hasahauliki. Hata mganga msaidizi aliyekaa miaka miwili tu kituoni angekumbuka. Kwa majibu hayo Burkitt alichora ramani. Uvimbe ule ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya joto na mvua, na ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Wanasayansi nao walikuwa wakitafuta virusi ndani ya uvimbe, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walivipata, huko London. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt.

Mafanikio hayo yalimpa mtu huyu sauti. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea na kazi yake ya kuuliza. Alizitumia hospitali nyingi za misheni za Afrika fomu za kujaza: mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Wa saratani ya utumbo mpana? Majibu yalirudi yakiwa na sifuri nyingi. Burkitt akaunganisha sifuri hizo na chakula. Mwafrika wa kijijini anakula nafaka isiyokobolewa, maharage, mihogo na majani. Choo chake ni kingi na hutoka mapema. Mzungu anakula mkate mweupe na sukari. Makala yake ya mwaka 1971 kuhusu saratani ya utumbo mpana ilienea dunia nzima, na nyuzinyuzi zikaingia kwenye matangazo ya vyakula vya asubuhi huko Ulaya na Marekani. Tumbo la mkulima wa Kiafrika likawa mfano wa tumbo lenye afya.

Burkitt hakudanganya. Madaktari wa upasuaji wa Mulago walikuwa wakikutana na ugonjwa huo mara chache kweli, na hadi leo viwango vyake Afrika Mashariki viko chini ya vile vya Ulaya. Lakini njia yake ya kuhesabu ilikuwa na tundu. Aliyevimba taya alionekana na kila mtu, kuanzia mama yake hadi mpita njia. Mwenye uvimbe ndani ya utumbo haonekani na yeyote. Anapungua, anachoka, anakwenda haja yenye damu na kuona aibu kusema, kisha anafia nyumbani. Kwenye fomu ya hospitali hayupo. Sifuri ile ilijumlisha wasiougua na waliougua bila kufika hospitali, na hakukuwa na namna ya kuwatenganisha.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, ugonjwa huu ulikuwa umeanza kuulizwa swali jingine. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, Michigan, mshonaji nguo aitwaye Pauline Gross alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba yeye atakufa mapema. Alijuaje? Kwa sababu watu wa ukoo wake walikuwa wakifa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya mfuko wa uzazi. Warthin angeweza kumtuliza na kumrudisha nyumbani. Badala yake alikaa naye, wakaorodhesha ndugu mmoja mmoja: nani kafa, na umri gani, kwa nini. Mwaka 1913 alichapisha habari za ukoo huo, akiuita Familia G. Mshonaji yule alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi, kama alivyosema.

Kwa miaka mingi kazi hiyo haikutiliwa maanani. Wataalamu wengi waliamini saratani hutokana na mazingira: moshi, kemikali, chakula. Kisha mwaka 1962, mjini Omaha, Nebraska, daktari kijana Henry Lynch aliletewa mgonjwa mlevi. Mgonjwa alieleza sababu ya kunywa: watu wa kwao wote hufa kwa saratani ya utumbo, naye anasubiri zamu yake. Lynch alifanya kama Warthin, akaanza kuchora ukoo. Mwaka 1966 yeye na wenzake walichapisha habari za koo mbili kubwa, na bado wengi hawakumwamini. Alihesabu ndugu kwa karibu miaka thelathini kabla maabara hazijampa jibu.

Jibu lilikuja mwaka 1993 na 1994, zilipotambuliwa jeni za MSH2 na MLH1. Kazi ya jeni hizi inafanana na ya msahihishaji katika kiwanda cha uchapishaji. Kila seli inapogawanyika, hunakili maelezo yake yote ya urithi, na katika kunakili makosa hayakosekani. Msahihishaji hupita nyuma, akayakuta na kuyarekebisha. Kila mtu amepewa nakala mbili za kila jeni kati ya hizi, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu anaishi vizuri kwa kutegemea ile nzima. Siku nayo ikiharibika ndani ya seli moja ya utumbo, makosa hujikusanya bila wa kuyasahihisha, na kinundu kidogo kinaweza kugeuka saratani haraka kuliko kawaida, mara nyingi kabla mtu hajafika miaka hamsini. Kila mtoto wa mwenye nakala mbovu, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwaka 2000 ilichapishwa kasoro halisi iliyokuwa ikiitesa Familia G. Ilikuwa kwenye MSH2. Maneno ya mshonaji yalithibitishwa baada ya karne moja.

Inafaa kuangalia kilichowezesha ugunduzi huo. Maabara ilikuja mwisho. Kilichotangulia ni watu waliokumbuka, vyeti vya vifo vilivyotaja ugonjwa, na familia zilizokaa mahali ambapo daktari angeweza kuzifuata. Mwaka 1991 wataalamu waliweka kanuni iliyoitwa kwa jina la Amsterdam, ya kutambua ukoo wa kuchunguzwa: ndugu watatu waliopata saratani ya utumbo mpana, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa wale wawili, vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja aliyeugua kabla ya miaka hamsini.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke Nyabibuye, kata iliyoko Kakonko, sehemu iliyokuwa Kibondo hadi miaka ya karibuni. Ukoo wenye nakala mbovu ukiwepo pale, utaitimizaje? Kanuni inadai saratani iliyotajwa jina na hospitali, mara tatu. Msibani anayechelewa kufika huuliza marehemu kafa na nini, na mara nyingi jibu ni neno moja: tumbo. Ndani ya neno hilo wamo kipindupindu, vidonda, ini, mimba iliyotunga nje na saratani. Neno si la uongo, ila halimsaidii mtoto wa marehemu.

Tena historia ya Buha haikuacha koo zikae mahali pamoja. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa Kibondo na Kasulu kwa sababu ya malale. Kwa miongo mingi vijana wa Kiha walichukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, na wako waliozikwa huko huko. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mara zote hizo kaka alikwenda huku na dada kule. Mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka kwa maelfu, nao wakiwa wamepoteza ndugu ambao hakuna aliyeandika walikufaje.

Liko jambo la tatu, nalo ni la desturi. Waha huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Mzee anaweza kukutajia mababu bila kusita, lakini shangazi aliyeolewa kilima cha pili watoto wake ni wa ukoo mwingine, na bibi mzaa mama hutajwa kwa heshima zaidi kuliko kwa kumbukumbu. Jeni haijui mahari ilipelekwa wapi. Inapita kwa shangazi kama inavyopita kwa baba. Kwa hiyo vifo vitatu vya damu moja vinaweza kuhesabiwa katika koo tatu, kila ukoo ukiwa na msiba mmoja tu usio wa ajabu. Na vikitokea nyumba moja, wako watakaotafuta maelezo kwa jirani: nani kawaroga? Nyumba ile ilikuwa sahihi kuhisi kwamba kuna kitu kinawafuata. Ni jina lake tu lililokosekana.

Kwamba hali hiyo inaweza kugeuzwa, mfano upo barani humuhumu. Huko Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waligundua koo nyingi zenye kasoro ileile moja kwenye MLH1. Watu hao wanaishi mbali, kwenye vijiji vikavu na miji ya migodi. Hospitali ikaamua kuwafuata: timu inasafiri na vifaa vya kolonoskopi, kile kipimo cha kamera cha utumbo mpana, na kukata vinundu kabla havijawa saratani. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya watu 178 wenye kasoro hiyo. Kati ya 129 waliokuwa wakipimwa, asilimia 11 walipata saratani ya utumbo mpana. Kati ya 49 wasiopimwa, asilimia 27. Waliokufa kwa ugonjwa huo ni 3 kundi la kwanza na 6 la pili, ingawa kundi la pili lilikuwa dogo zaidi.

Burkitt naye alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini. Yeye alikuwa akitafuta mahali ugonjwa unapoishia. Timu ya Cape Town inamtafuta mtu ambaye bado hajaugua, na inajua nyumba yake kwa sababu ndugu zake wameorodheshwa.

Kutoka Nyabibuye, kamera ya namna hiyo iko mbali, kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kipimo cha jeni kiko mbali zaidi. Lakini orodha haihitaji umeme wala kibali. Msomaji mwenye bibi anayekumbuka anaweza kuianza likizo ijayo: nani alikufa kabla hajazeeka, akiwa na umri gani, aliumwa wapi hasa, alitoka damu, alikonda, alipasuliwa, wapi? Aulize kwa baba na kwa mama, kwa mashangazi na watoto wao, na kwa saratani ya mfuko wa uzazi pia, maana hutembea pamoja na ile ya utumbo. Kwenye koo nyingi orodha haitaonyesha kitu, na hiyo ni heri, kwa kuwa kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana ni karibu 3 tu wenye kasoro hizi. Ikionyesha, basi siku mmoja wao atakapoona damu chooni, ataingia kwa daktari akiwa na karatasi mkononi, na daktari hatakuwa na sababu ya kumpa dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani.