Kidukizi na Maadui Zake

"Programu fuatilizi ya mtumiaji." Ndivyo orodha moja ya istilahi za kompyuta, iliyotolewa na kamati ambayo adabu inanizuia kuitaja, inavyotutaka tukiite kile kidude kinachoingia katika simu ya mtu pasipo hodi, kikasoma ujumbe wake, kikawasha kipaza sauti na kamera yake, kisha kikayapeleka yote kwa serikali iliyokilipia. Jina hilo nimelisoma nimesimama, nikalisoma tena nimekaa, na bado halikutengemaa.

Kufuatilia, katika Kiswahili cha ofisini, ni kazi ya heshima. Nesi hufuatilia chanjo, mwalimu hufuatilia mahudhurio, na kila mradi wa wafadhili una kitengo cha ufuatiliaji na tathmini, chenye gari na posho. Ukiniambia serikali inafuatilia simu yangu, huenda nikashukuru nikidhani wanashughulikia malalamiko yangu ya salio lililopotea. Halafu hiyo "ya". Programu ya mtumiaji ni ya nani? Kwa sarufi tuliyofundishwa sote, ni mali ya mtumiaji. Kamati imemmilikisha mtu kitu pekee kilichomo ndani ya simu yake ambacho hakukinunua, hakukiomba, wala hajui kama kimo.

Msomaji wa safu hii hahitaji kuelezwa Pegasus ni nini. NSO Group, kampuni ya Israel iliyoanzishwa mwaka 2010 na iliyoitengeneza, imesemwa vya kutosha tangu Agosti 2016, pale Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, alipoletewa ujumbe uliomwahidi siri za mateso ya magerezani. Badala ya kubofya kiungo, aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto, na Apple ikalazimika kuziba mianya mitatu kwa haraka. Baadaye hata kubofya kukawa hakuhitajiki. Mwaka 2019 ilitosha kupigiwa kwa WhatsApp, upokee usipokee. Simu zipatazo 1,400 zililengwa kwa njia hiyo. Hayo yanajulikana. Shida yangu ni jina la jumla la vitu vya aina hii, maana Pegasus ni mmoja tu wa ukoo mkubwa, na ukoo usio na jina haushitakiki.

Watangazaji wengi wamekimbilia "programu ya kijasusi". Afadhali, lakini haitoshi. Jasusi tumemtoa kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupapasa kwa mkono, kama tabibu anavyopapasa mshipa wa mgonjwa. Asili hiyo ni nzuri, na waumini wa pwani wanajua kwamba aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat inakataza watu kuchunguzana siri zao. Lakini Kiswahili chenyewe kimempandisha jasusi cheo. Tangu Willy Gamba, mhusika wa riwaya za Elvis Musiba, mtu wa kazi hiyo kwetu amekuwa shujaa: ana suti, ana bastola, ana taifa nyuma yake na adui mbele yake. Ukiita kitu hiki cha kijasusi, umekwisha kukivisha ile suti. Mwandishi wa habari aliyelala na simu chini ya mto hajawa adui wa taifa kwa sababu tu kuna ofisi iliyolipia leseni. Vijana wa Dar es Salaam wana "shushushu", neno ambalo mnong'ono umo ndani ya sauti yake, na ningelichukua mara moja lau lisingekuwa la binadamu na la mzaha.

Lipo kundi la pili, la wenzangu wa magazeti, wanaoshikilia "programu ya udukuzi". Hawa nawapenda, ila wamechanganya mlango na sikio. Mdukuzi wa leo ni yeyote anayevunja mfumo wa kompyuta: mwizi wa benki, mwanachuo anayejibadilishia alama, hata mtaalamu anayelipwa na kampuni ili apime uimara wake. Udukuzi ni kuvunja. Mwaka 2021 Pegasus ilipopenya kupitia mwanya wa iMessage, kule kupenya kulikuwa udukuzi, na kulikwisha kabla mwenye simu hajageuka kitandani. Kilichobaki ndani baada ya hapo, kikakaa wiki na miezi kikisikiliza, kinataka jina lake.

Kundi la tatu lina mtu mmoja tu, naye ananisoma. Yeye amependekeza "kikulacho", kwa kuwa methali inasema ki nguoni mwako, na simu nayo hukaa mfukoni. Nilicheka, nakiri, kwa furaha. Kisha nikajaribu wingi: "Bunge lapiga marufuku uagizaji wa vikulavyo." Afisa wa forodha atazuia mapapai.

Na wapo wanaosema tuseme "spaiwea" tumalize. Kukopa si aibu. "Simu" yenyewe ni ya Kiajemi, maana yake waya, na leo tunaliita hivyo dude lisilo na waya hata mmoja. Lakini mtu hukopa asichokuwa nacho, na hiki tunacho.

Tunacho "dukiza". Kudukiza ni kutega sikio kwa siri ili usikie maneno ya watu wasiokualika. Anayefanya hivyo ni mdukizi. Ni neno kongwe, la pwani, la miji ya nyumba zilizobanana, ambako dirisha la jirani li mkono mmoja na lako na mazungumzo ya ukumbini huvuja hadi kichochoroni. Mdukizi hakuwa mwizi, maana hakuondoka na kitu. Wala hakuwa mgeni, maana alijulikana kwa jina na kwa mama yake. Alikuwa mtu aliyesimama mahali asipostahili kusimama. Tena udukizi ulibeba maana ya pili, ya kuyachukua yaliyosikika na kuyapeleka kwingine ili yazue fitina, na maana hiyo haikuwahi kutengana na ya kwanza. Tazama jinsi neno lilivyotutangulia. Pegasus nayo haisikilizi kwa ajili yake. Inasikiliza ili ipeleke.

Nimeambiwa kwenye kikao kimoja, na bwana mwenye shahada nyingi kuliko subira, kwamba "dukiza" na "dukua" ni neno moja lililochakaa njia mbili, na kwa hiyo napigania herufi. Naam, ni ndugu. Lakini dukua la zamani lina mdukuo, ule msukumo wa kidole au kiganja shavuni mwa mtu. Ndani yake mna mkono. Ndani ya dukiza mna sikio. Ndugu wawili waliogawana urithi hivyo hawalazimishwi kulala kitanda kimoja kwa sababu msomi mmoja hapendi kuhesabu irabu.

Kutoka hapo kiambishi ki- kinafanya kazi yake ya siku zote. Kiswahili kikitaka chombo hukitia katika ngeli ya ki-vi na kuendelea na safari: kikokotoo, kisimbuzi. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, king'amuzi kilikuwa kinywani mwa kila mwenye televisheni, na hakuna aliyeomba semina. Kidukizi, basi. Chombo cha kudukizia. Sikuona kwa nini iwe vita, lakini barua niliyopeleka kwa kamati ilirudi na majibu ya mistari miwili, ambayo wa pili ulikuwa salamu.

Pingamizi walilonipa katika ule mstari wa kwanza ni kwamba kudukiza ni kwa sikio tu, ilhali vitu hivi husoma ujumbe, hupiga picha, na hujua mtu yuko wapi. Nashangaa pingamizi hili kutoka kwa wazawa wa lugha. Mswahili husikia harufu. Husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu ya mgongo. Sikio letu halikuwahi kuwa la sauti peke yake. Lugha imelipa karibu hisia zote isipokuwa jicho, na jicho nalo huazima likihitaji. Anayesema kidukizi ni chembamba mno kwa kazi yake amelichukua sikio la lugha nyingine akalipima kwa rula.

Kinachonikera zaidi ni kwamba katika jambo hili askari wamewashinda wanaistilahi. Mwaka 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti, pamoja na nyaraka, kuhusu operesheni iliyoendeshwa nchini Uganda baada ya uchaguzi wa 2011, wakati wapinzani walipokuwa wakiandamana kwa miguu kwenda kazini. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, jeshi na polisi walitumia FinFisher, bidhaa ya kampuni ya Gamma, dhidi ya wanasiasa, waandishi na wanaharakati, na mtego mmojawapo uliwekwa katika intaneti ya hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ilikanusha. Jina la operesheni lilikuwa la Kiswahili: Fungua Macho. Maneno mawili, kitenzi cha amri, hakuna kistari, hakuna "ya mtumiaji". Aliyelibuni alijua lugha kwa ndani, akaitumia vizuri kwa kazi mbaya. Sisi wenye nia njema tumekuja na "fuatilizi".

Jina hilo la askari lina kasoro moja, na ndiyo inayonirudisha kwenye langu: linamtazama mtazamaji peke yake. Kidukizi hakiwezi kutamkwa bila kuzaa jamaa zake. Kikiwapo kidukizi, pana mdukizi aliyekituma, na pana mdukizwa. Pana pia muuza vidukizi, ambaye katika biashara hii hupenda kujieleza kama mtu wa pembeni. NSO husema siku zote kwamba wateja wake ni serikali tu, na kwamba bidhaa ni ya kuwakamata magaidi na wahalifu. Mwezi Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wa Ubalozi wa Marekani nchini Uganda zilikuwa zimeingiliwa kwa Pegasus. Kwa "programu fuatilizi", sentensi hiyo haina mtenda. Sema zilidukizwa, na msikilizaji atauliza mwenyewe: na nani?

Nisiwaonee wauzaji peke yao nikawaacha wenye kutengeneza simu na programu zake. WhatsApp iliishitaki NSO mwaka 2019 huko California, na Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama likaamua ilipwe fidia ya adhabu ya dola zipatazo milioni 167. Oktoba mwaka huohuo jaji akaishusha hadi karibu milioni 4, ila akaizuia NSO isiiguse tena WhatsApp. Nilifurahi kama wengine. Lakini angalieni majina ya wadai: ni kampuni dhidi ya kampuni. Wale 1,400 waliodukizwa hawakuwamo. Apple nayo ilishitaki Novemba 2021, ikaondoa kesi yake Septemba 2024, na hakuna mwenye simu aliyeulizwa. Apple hiyohiyo mwaka 2021 ilitangaza mpango wa kuchunguza picha ndani ya simu za wateja kabla hazijapanda iCloud, kwa nia ya kuwalinda watoto, na kelele zilipozidi ikauacha. Nia sikatai. Nasema tu kwamba aliyetengeneza kufuli ana ufunguo, anayenunua kidukizi ana ufunguo bandia, na aliyelipia simu anaambiwa akubali masharti. Simu imefungwa hata kwake: akitaka kujua kama imedukizwa, hawezi kuchungulia ndani, huipeleka maabara.

Hapa naweka nongwa yangu ya zamani. Tanzania tunamwita mtu huyo "mlaji", eti sheria inamlinda mlaji. Mlaji wa nini? Kwenye biashara hii yeye ndiye sahani. Kampuni humwita "mtumiaji", na kamati ikaliokota bila kulipangusa. Mimi nasema mwenye simu, neno ambalo kila fundi wa Kariakoo analijua, na linaloweka umiliki pale risiti ilipouweka.

Na msidhani ni mambo ya marais tu. Mwaka 2025 Citizen Lab ilibaini kwamba simu za watengeneza filamu wa Kenya zilitiwa FlexiSPY wakati zikiwa mikononi mwa polisi. FlexiSPY haiuzwi kwa leseni ya serikali. Huuzwa waziwazi, kwa mzazi, kwa mwajiri, kwa mume mwenye wivu. Yaani mdukizi wa kichochoroni amerudi, safari hii kwa kadi ya benki. Orodha ya kamati haina kauli juu yake, maana huyu hafuatilii mtumiaji; anamfuatilia mkewe.

Matumizi, kwa haraka, maana nafasi inakwisha. Wingi ni vidukizi. Kitenzi ni kudukiza, na hali ya kutendwa ni kudukizwa: simu imedukizwa, mwenye simu amedukizwa, vyote ni sahihi. Biashara yenyewe ni udukizi. Mwanya uliotumika uendelee kuitwa mwanya, na kuupenya kuwe udukuzi. Mwenye simu asasishe programu kila inapotakiwa, aizime na kuiwasha mara kwa mara, na kama kazi yake ni ya hatari na simu yake ni ya Apple, awashe ile hali ya kujifungia iliyoletwa mwaka 2022. Kistari katikati ya neno hakihitajiki, na yule bwana wa "kikulacho" ameshaniandikia kukitaka.