Fahamu ndege ya watu wawili inayoundwa Morogoro

Ukitaja ndege Songea, wengi wanawaza Bombardier ya Air Tanzania yenye viti 76. Ila kuna kampuni hapa hapa nchini, Airplanes Africa Limited (AAL) ya Morogoro, inayounda ndege za watu wawili tu, rubani na mwenzake.

Ndege hizo zinaitwa Skyleader. Asili yake ni mji wa Jihlava, Jamhuri ya Czech, na injini ni Rotax kutoka Austria. Kwa hiyo anayesema ni ya Kitanzania asilimia mia anaongeza chumvi kidogo. Lakini kuunganisha ndege si kazi ya kitoto: ribiti moja ikikaa vibaya, ni maisha ya watu.

Ni nyepesi kiasi gani? Aina ya Skyleader 600 inapaa ikiwa na kilo zisizozidi 600, mafuta na watu ndani. Toyota IST tupu inakaribia tani moja!

Kinachovutia zaidi ni mafuta. Rotax 912 inakubali petroli ya magari isiyo na madini ya risasi. Mikoani hilo si jambo dogo, maana mafuta maalumu ya ndege ndogo hayapatikani kila kiwanja.

Injini ikizima je? Ndege inaweza kufungwa parachuti inayoishusha yote, na watu wake. Ila inahitaji kimo cha kutosha kufunguka.

Na usidhani ni bodaboda ya angani. Lazima isajiliwe TCAA, na rubani awe na leseni.