Uhamishaji wa programu za Lisp

Uhamishaji wa programu za Lisp ni kazi ya kuchukua programu iliyoandikwa katika lahaja moja ya Lisp na kuifanya iende katika lahaja nyingine. Lugha hiyo, iliyobuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, imezaa lahaja nyingi, zikiwemo Scheme, Emacs Lisp, Common Lisp na Clojure. Mabano ni yale yale ila maana si moja, na hapo ndipo wahamishaji wengi hunaswa.

Kinachokosekana kikiwa ni muundo tu, makro, yaani msimbo unaozalisha msimbo mwingine, hutosha: mwandishi huiongezea lugha anachokitaka. Ndivyo Emacs Lisp ilivyopata zana nyingi za Common Lisp, ambazo tangu 2013 zimo katika maktaba ya cl-lib. Kila jina humo huanza na cl-, kwa kuwa Emacs Lisp haina njia ya kutenga majina ya maktaba moja na nyingine.

Upeo wa vigeu, yaani mahali ambapo jina la kigeu linatambulika, ni mtihani mkubwa zaidi. Chukua fanksheni inayopokea n na kurudisha fanksheni nyingine ya kujumlisha n na x. Katika Scheme, ukiipa 5 kisha 10, unapata 15. Katika Emacs Lisp ya kabla ya 2012 ulipata kosa kwamba n haina thamani, kwani n ilikwisha kusahaulika fanksheni ya kwanza ilipomaliza kazi. Waliohamisha programu walitumia makro ya lexical-let, iliyokipa kigeu jina la siri lisilogongana na lingine. Toleo la 24 la Emacs lilileta upeo wa kimaandishi, ambao fanksheni hukumbuka vigeu vya mahali ilipoandikwa, nao huwashwa kwa kuandika lexical-binding kwenye mstari wa kwanza wa faili.

Pengo lililo ndani ya mtambo wenyewe unaoendesha lugha halizibwi kirahisi hivyo. Scheme huhakikisha kwamba fanksheni inayojiita mwishoni mwa kazi yake hailimbikizi miito, hata ijiite mara milioni. Emacs Lisp haitoi ahadi hiyo. Katika matoleo ya karibuni hukwama miito ikizidi kina cha 1600. Dawa ya uhakika ni kuiandika upya kwa kitanzi cha while, japo tangu toleo la 28 la Emacs makro ya named-let hufanya kazi hiyo kwa niaba ya mwandishi. Clojure, inayotegemea mtambo wa Java, humtaka mwandishi anayetaka kujiita kusikolimbikiza miito ataje neno recur waziwazi. Huo ni uamuzi mzuri, kwani recur ikiwekwa mahali pasipokuwa mwishoni mwa kazi, kompaila huikataa kabla programu haijaanza kwenda.